Nyonga ya Chuma na Sikio: Mwongozo kwa Wenye Protezi Mjini Lubumbashi

Protezi ya nyonga, yaani kiungo bandia ambacho daktari wa mifupa hukiweka mahali pa nyonga iliyoharibika, ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya upasuaji wa karne ya 20, na walio wengi kati ya waliowekewa huishi nayo miaka kumi na tano au zaidi bila kusumbuliwa na chochote. Hata hivyo, wapo wachache ambao, baada ya miezi au miaka kadhaa, huanza kusikia mlio usiokoma masikioni, au hushindwa kuyafuata mazungumzo yenye watu wengi, au huyumba wanapotembea gizani, na ambao hawafikirii hata kidogo kwamba chanzo cha mambo hayo kinaweza kuwa kwenye paja badala ya kichwani. Mwongozo huu umekusudiwa watu hao na jamaa zao wanaoishi Lubumbashi na miji ya jirani, ambako suala hili lina fundo lisilopatikana kwingine: madini yanayotuhumiwa kuliumiza sikio, yaani kobalti, hayatoki kwenye protezi peke yake, bali yamo pia katika vumbi, maji na mboga za Katanga yenyewe.

Aloi inayotumika kutengenezea sehemu ngumu za protezi nyingi ina kromiamu kati ya asilimia 27 na 30, molibdeni kati ya asilimia 5 na 7, na sehemu kubwa iliyobaki ni kobalti. Kwa kuwa Katanga imekuwa chimbuko kubwa la kobalti ya dunia tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, na Kongo hadi leo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, haitakuwa ajabu ikiwa mkazi wa Lubumbashi aliyefanyiwa upasuaji India au Afrika Kusini amerudi nyumbani akiwa na madini ya kwao ndani ya mfupa wake.

Si kila protezi iliyo hatari, na kosa la kwanza la kuepukwa ni hofu ya jumla. Nyonga ni kichwa cha fupa la paja kinachozunguka ndani ya tundu la mfupa wa kiuno, na protezi huiga umbo hilo kwa kichwa na kikombe. Katika aina iliyoenea zaidi, ambayo msingi wake uliwekwa na John Charnley katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza mwaka 1962, kichwa cha chuma huzunguka ndani ya kikombe cha polietilini, ambayo ni plastiki ngumu. Katika aina nyingine kichwa huwa cha kauri. Aina inayohusika hasa na mwongozo huu ni ile ambayo kichwa cha chuma husuguana na kikombe cha chuma, iliyopata umaarufu mpya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu ilidhaniwa kuwa ingewafaa vijana na watu wenye kazi za nguvu. Msuguano huo hutoa chembe ndogo mno za aloi, ambazo huyeyuka katika majimaji ya mwili na kuingia katika damu. Mwezi Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliiondoa sokoni protezi yake ya ASR, ambayo ilikuwa imewekwa kwa watu takriban 93,000 duniani, kwa kuwa wengi mno kati yao walilazimika kufanyiwa upasuaji wa pili. Tangu hapo matumizi ya chuma kwa chuma yamepungua sana, lakini waliowekewa kabla ya wakati huo wangali wanatembea nazo.

Wagonjwa wenye kikombe cha polietilini nao hawakusalimika kabisa, ingawa hatari yao ni ndogo zaidi, kwa sababu kichwa cha aloi ya kobalti huchomekwa juu ya shingo ya protezi, na mahali hapo pa kuchomekea panaweza kuliwa na kutu polepole na kutoa kobalti. Kwa upande mwingine, wazee waliovunjika shingo ya fupa la paja na kuwekewa protezi nusu, ambayo ni kichwa cha chuma kinachozunguka katika tundu lao wenyewe la asili, hawana msuguano wa chuma kwa chuma, na kizunguzungu chao kitafutiwe sababu nyingine kwanza.

Mjini Lubumbashi swali hili huwagusa pia watu wenye umri mdogo kuliko inavyotarajiwa. Ugonjwa wa selimundu, ambao hapa huitwa drepanositozi, huziba mishipa midogo ya damu inayokilisha kichwa cha fupa la paja, mfupa ukafa na kubomoka, na kijana wa miaka ishirini au thelathini akahitaji protezi ambayo Ulaya huwekewa mzee wa miaka sabini. Kijana huyo ataibeba protezi yake kwa miaka mingi zaidi na ataisugua zaidi, na ndiye hasa aliyekuwa akilengwa na wauzaji wa chuma kwa chuma. Juu ya hayo, selimundu yenyewe inaweza kupunguza uwezo wa kusikia, jambo linaloufanya uchunguzi kuwa mgumu.

Jinsi kobalti inavyoliumiza sikio

Sikio la ndani lina sehemu mbili zinazopakana na kuoga katika majimaji mamoja: mrija uliojipinda unaohusika na kusikia, na mifereji mitatu pamoja na vifuko viwili vinavyohusika na usawa wa mwili. Zote mbili hutegemea seli zenye vinyweleo ambazo, zikishakufa kwa binadamu, hazioti tena. Majaribio yaliyofanywa kwa sungura nchini Italia na kuchapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa kobalti nyingi katika damu huharibu seli hizo pamoja na neva ya kusikia na neva ya kuona.

Ushahidi kwa binadamu ni wa zamani kuliko protezi za kisasa. Katika miaka ya 1950 madaktari waliwapa wagonjwa wa upungufu wa damu chumvi ya kobalti kama dawa, maana huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu, na baadhi ya wagonjwa hao walipata mlio masikioni, uziwi na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Dawa hiyo iliachwa. Kuhusu protezi, Stephen Tower, daktari wa mifupa wa Anchorage katika jimbo la Alaska, alieleza mwaka 2010 habari za wagonjwa wawili wenye protezi za chuma kwa chuma waliopata matatizo ya neva na moyo, pamoja na mlio masikioni na kupungua kwa kusikia. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa yeye mwenyewe. Kisa kikali zaidi kilichapishwa mwaka 2014 na madaktari wa Marburg, Ujerumani, chini ya Jürgen Schäfer. Mgonjwa wao, mwanamume wa miaka 55, alikuwa amevunjikiwa na protezi ya kauri, akabadilishiwa kichwa kikawa cha chuma, na mabaki ya kauri yaliyosalia ndani yakakisaga chuma hicho kama msasa, hata akawa karibu kipofu na kiziwi, na moyo wake ukadhoofika. Kobalti katika damu yake ilikuwa imefika mamia ya maikrogramu kwa lita, wakati mtu asiye na protezi, katika nchi zisizo na migodi, kwa kawaida huwa chini ya maikrogramu 1. Fundisho la kisa hicho ni la kukumbukwa na kila daktari: protezi ya kauri iliyovunjika haibadilishwi kwa chuma, bali kwa kauri nyingine.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiwango ambacho madhara ya sikio huanzia. Wako wanaosema kwamba chini ya maikrogramu 300 kwa lita mtu mwenye afya hapati madhara ya mwili mzima, na wako wanaoonyesha wagonjwa waliougua wakiwa na maikrogramu 20 au chini yake. Msimamo wenye busara ni kutokitegemea kiwango pekee, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuitoa kobalti katika mkojo, na mwili wa mtu mmoja hauvumilii kile ambacho mwingine hukivumilia.

Dalili za kuzingatia, na zile za kuziweka kando

Uharibifu unaotokana na kobalti huwa wa masikio yote mawili, huja polepole kwa wiki au miezi, na mara nyingi huanza na mlio mwembamba pamoja na kupotea kwa sauti nyembamba, kama vile sauti za watoto. Upande wa usawa wa mwili, mgonjwa kwa kawaida haoni nyumba ikizunguka. Huhisi kwamba ardhi si imara, huyumba zaidi umeme unapokatika usiku, kwenye barabara yenye mashimo au anapofumba macho bafuni, na akitembea huona maandishi ya mabango yakirukaruka. Jaribio jepesi ni kusimama miguu ikiwa imebanana, mikono ikiwa pembeni, kisha kufumba macho kwa nusu dakika, huku mtu mwingine amesimama karibu tayari kudaka. Anayeanza kuanguka mara anapofumba macho anastahili kuonwa na daktari. Jaribio hili lisifanywe na mtu akiwa peke yake, kwa sababu kuangukia nyonga yenye protezi ni maafa.

Kizunguzungu cha ghafla kinachokifanya chumba kizunguke kwa sekunde chache mtu anapojigeuza kitandani kina chanzo kingine, kilicho chepesi kutibika. Uziwi wa sikio moja nao hauelekezi kwenye nyonga. Zaidi ya hayo, katika mji wa Lubumbashi kuna sababu nyingine za mlio na uziwi zilizo za kawaida kuliko protezi, na mgonjwa anapaswa kuzihesabu zote kwa uaminifu kabla ya kuilaumu nyonga. Kwinini, ambayo ingali inatumika dhidi ya malaria, huleta mlio masikioni ambao kwa kawaida huisha dawa inapokwisha. Jentamisini, streptomisini na kanamisini, sindano zilizotumika kwa miongo mingi dhidi ya maambukizi makali na kifua kikuu, huua seli zilezile zenye vinyweleo, na uharibifu wake haurudi nyuma. Aliyefanya kazi miaka mingi karibu na mitambo ya kuponda mawe au jenereta amepoteza sauti nyembamba kwa sababu ya kelele. Kwa hiyo, tarehe za dawa na za kazi ziandikwe sambamba na tarehe ya upasuaji: mlio ulioanza wiki moja baada ya sindano za jentamisini una maelezo yake tayari.

Kinachoielekeza shaka kwenye protezi ni mkusanyiko wa dalili. Maumivu ya kinena, uvimbe kwenye nyonga au sauti ya kukwaruza mtu anapoinuka, vikiambatana na mlio masikioni, vina uzito kuliko mlio peke yake. Ganzi ya nyayo, macho kufifia, kusahau, kuchoka kusikoelezeka, kuhisi baridi wakati wengine wanaona joto, na rovu huongeza uzito huo. Moyo kwenda mbio, kukosa pumzi mtu anapolala chali, au kuona kupungua kwa siku chache si mambo ya kusubiri miadi. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba ana nyonga ya chuma, kwani daktari wa zamu anayechunguza moyo hana sababu ya kuuliza habari za paja.

Kuijua protezi yenyewe

Kazi ya kwanza ya mgonjwa, na pengine iliyo muhimu kuliko zote, ni kuitafuta protokali ya upasuaji, yaani taarifa iliyoandikwa na daktari aliyepasua, pamoja na stika ndogo zenye jina la mtengenezaji na namba, ambazo chumba cha upasuaji hubandika kwenye faili. Aliyefanyiwa upasuaji nje ya nchi aiandikie hospitali hiyo kupata nakala, kwani mafaili hayahifadhiwi milele. Ikiwa karatasi zimepotea, picha ya eksirei husaidia kuliko inavyodhaniwa: polietilini haionekani kwenye eksirei, hivyo protezi yenye kikombe cha plastiki huonyesha pengo jeusi kati ya kichwa na ganda la chuma, ilhali katika ile ya chuma kwa chuma kichwa na kikombe huonekana vimegandamana bila pengo. Daktari wa mifupa katika Hospitali ya Jason Sendwe au katika Kliniki za Chuo Kikuu anaweza kuisoma picha hiyo kwa muda mfupi.

Kisha masikio yapimwe katika idara ya masikio, pua na koo, ambayo katika hospitali za Kongo hujulikana kwa herufi ORL. Kipimo kinachotakiwa ni odiogramu, yaani mchoro unaoonyesha ni sauti gani, kutoka nzito hadi nyembamba, ambazo kila sikio linazisikia na kwa nguvu gani. Nakala yake ibaki mikononi mwa mgonjwa. Mtu mwenye protezi ya chuma kwa chuma asiye na dalili yoyote angefanya vyema kuwa na odiogramu moja ya mwanzo, maana bila hiyo hakuna atakayejua baadaye kama kusikia kumepungua au kulikuwa hivyo siku zote.

Kipimo cha damu na fundo la Katanga

Wakala wa Uingereza wa kudhibiti dawa na vifaa tiba uliweka maikrogramu 7 za kobalti au kromiamu kwa lita moja ya damu kuwa kiwango kinachotaka uchunguzi zaidi wa nyonga. Kiwango hicho kiliwekwa kwa watu wa Uingereza, ambao hewa na chakula chao havina kobalti ya kutajwa. Hali ya Katanga ni nyingine. Utafiti ulioongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga na kukuta kwamba kobalti yao, hasa ya wale wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia madini, ilikuwa kubwa kuliko iliyowahi kuripotiwa popote kwa raia wa kawaida, na watoto walizidi wakubwa. Kwa mkazi wa Penga Penga au wa jirani ya mgodi wa Ruashi, namba inayotoka maabara ni jumla ya vitu viwili, nyonga na vumbi, na kuisoma kana kwamba ni nyonga tupu kunaweza kumpeleka mtu kwenye kisu bila sababu. Kuipuuza kwa kisingizio kwamba hapa kila mtu ana kobalti ni kosa baya vilevile.

Njia ya kulifungua fundo hilo ipo, ingawa inadai uvumilivu. Kwanza, damu ya mgonjwa ichukuliwe pamoja na ya mtu mzima mwingine anayekula chungu kimoja naye na kulala nyumba moja, asiye na protezi na asiyefanya kazi ya madini. Ikiwa wote wawili wanakaribiana, vumbi ndilo linalosema, na ikiwa mgonjwa amemzidi mwenzake mara nyingi, nyonga ichunguzwe. Pili, kromiamu ipimwe pamoja na kobalti, kwa sababu miamba ya Katanga inajulikana kwa shaba na kobalti, si kwa kromiamu, na chuma kinachosuguana na chuma huzipandisha zote mbili. Hapa kuna mtego wa kuangaliwa: kutu ya shingoni mwa protezi hupandisha kobalti zaidi ya kromiamu, hivyo inaweza kufanana na vumbi, na kwa mgonjwa wa aina hiyo ulinganisho na mtu wa nyumbani ndio unaobeba uzito wote. Tatu, kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu au zaidi katika maabara ileile, kwa kuwa namba inayopanda kila mara ina maana kuliko namba kubwa iliyotulia.

Uchukuaji wa damu nao una masharti yake. Mkono uoshwe kwa sabuni na maji safi, si kupanguswa tu kwa spiriti, kwa maana chembe ya vumbi la Lubumbashi kwenye ngozi inaweza kuiharibu sampuli nzima. Itumike kanula ya plastiki kuliko sindano ya chuma, au mililita za mwanzo zimwagwe. Na chupa ziwe zile zilizotengenezwa maalumu kwa vipimo vya madini haba. Kwa kuwa kipimo hiki huhitaji mashine ya hali ya juu, mara nyingi sampuli italazimika kusafirishwa nje ya nchi, na gharama yake ijulikane kabla. Iandikwe pia kama kilichopimwa ni damu nzima au ute wake, maana namba za viwili hivyo hazilinganishwi. Anayechomwa sindano za vitamini B12 amwambie daktari, kwa sababu vitamini hiyo ina kobalti ndani yake, ingawa imefungwa kwa namna isiyodhuru, na hakuna haja ya kuiacha.

Wakati majibu yanasubiriwa, mgonjwa anaweza kupunguza ule mzigo wa pili: sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa kavu, mboga zioshwe kwa maji yanayotiririka, nguo za anayetoka mgodini zifuliwe peke yake, na upungufu wa madini ya chuma mwilini utibiwe, kwani utumbo wenye njaa ya chuma hufyonza kobalti zaidi. Dawa zinazouzwa kwa jina la kusafisha damu ziepukwe. Hata zile halisi za hospitalini zinazovuta madini kutoka mwilini hushusha namba kwa muda tu, ikiwa chanzo kingali kinasuguana ndani.

Ikithibitika kwamba nyonga ndiyo chanzo, tiba ni kuibadilisha, na uamuzi huo ni wa daktari wa mifupa, wa masikio na wa moyo wakikaa pamoja na mgonjwa. Kobalti hushuka haraka katika wiki zinazofuata upasuaji. Moyo na tezi ya shingo mara nyingi hupata nafuu, na kizunguzungu hupungua kadiri ubongo unavyojifunza kutegemea macho na miguu, hasa mgonjwa anapofanya mazoezi ya kutembea akiongozwa na mtaalamu. Lakini kusikia hurudi kwa sehemu tu, na kwa wengine hakurudi kabisa. Odiogramu ifanywe mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili baada ya upasuaji, na ikiwa mchoro wa mwezi wa kumi na mbili haujapanda, mgonjwa aanze kuulizia kifaa cha kusaidia kusikia badala ya kuendelea kusubiri.